Sikio la Mvita na Maneno Mafupi ya Waingereza

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja baada ya alasiri, katika ukumbi mdogo Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya vijana wanaoongoza wageni, wahudumu wa hoteli, wachuuzi wa ufuoni na madereva wawili wa tuktuk ambao nashuku waliingia kwa sababu ya feni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Na wenzangu ambao si Waislamu, hamjambo nyote.

Mwenyekiti amenisifu sana, sifa nyengine hata mimi mwenyewe nazisikia leo. Ukweli ni mfupi. Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Miaka 27 nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nikigawa funguo na kupokea malalamiko. Sikusomea isimu. Kiingereza changu nilikiokota kwenye midomo ya wageni, na kila neno nililoliokota vibaya nililipa kwa aibu, pale pale, mbele ya watu. Kwa hiyo ninachowaletea leo ni aibu zangu, ili nyinyi mziwekee akiba zenu kwa mambo mengine.

Juzi juzi nilikuwa Kilindini, karibu na lango la bandari, siku ambayo meli ya wageni ilikuwa imetia nanga. Nikamwona kijana mmoja, fulana safi, kitambulisho shingoni, amemrudisha mzee wa Kizungu mwenye mkongojo. Mzee anatazama saa yake, ana wasiwasi. Kijana akamshika bega kwa upole akamwambia, kwa Kiingereza kizuri kabisa isipokuwa neno moja, kwamba asiogope, kondoo wake haondoki mpaka saa kumi na moja.

Mzee akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akasema hakujua kama anaye.

Kijana akacheka kwa adabu, bila kujua kilichomchekesha ni nini.

Mwacheka, lakini kijana yule si mjinga. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu nilipokuwa umri wake. Alikosa neno moja la herufi nne, alitaka 'ship' akatoa 'sheep'. Na maneno marefu ya Kiingereza sijaona yakimwaibisha mtu. Tamka 'accommodation' vyovyote upendavyo, kaza mwanzo, kaza mwisho, mgeni atakuelewa, kwa sababu neno refu lina mahali pengi pa kulishika. Neno fupi halina. Ukiliponyoka kidogo tu, umeshika jirani yake, na jirani huyo ana maana yake kamili, amekaa barazani anakusubiri.

Sasa tuangalie kwa nini. Kiswahili chetu kina irabu 5. A, e, i, o, u, tumemaliza, twende tukanywe kahawa. Kiingereza, kile cha kusini mwa Uingereza ambacho vitabu vya shule hukifuata, huhesabiwa sauti za irabu kama 20. Sauti 20, na herufi za kuziandika ni zile zile 5. Madereva wa tuktuk wananielewa: abiria wamezidi viti, lazima mmoja apakatwe na mwenziwe.

Sauti yetu ya i, ile ya 'siku' na 'mimi', kwa umbo la mdomo iko upande wa 'sheep'. Midomo imevutwa kidogo, kama mtu anayetaka kutabasamu. Sauti ya 'ship' sisi hatuna. Ni sauti iliyolegea, iko njiani kati ya i na e, haijafika kokote. Mkitaka kuitoa, legezeni midomo kama mtu aliyeamshwa usingizini kisha aseme i bila ya kuitaka. Hebu semeni. 'Ship.' Tena, acheni kutabasamu. Haya. Mama wa safu ya nyuma ameipata, wengine mnanidanganya.

Kwa hiyo Mswahili akitaka kusema anaishi Likoni, 'live', Mzungu anasikia kwamba anaondoka Likoni, 'leave'. Akitaka kusema mtu ni tajiri, 'rich', anasikika kama amefika, 'reach'. Akimwonya bibi kizee asiteleze kwenye ngazi, 'slip', bibi anasikia anaambiwa asilale hapo.

Hayo ni madogo, watu hucheka yakapita. Lakini kuna shimo jengine, na hili nalisema mbele ya kina mama kwa radhi zao. Nalisema kwa sababu nimewaona wachuuzi wa ufuoni wakitumbukia humo mchana kweupe. Kijana ameambiwa na mjuaji mmoja: wewe i zako ndefu mno, fupisha. Amekubali. Amefanya mazoezi. Sasa anafupisha kila kitu, hata kisichofaa kufupishwa. Anamkuta mama wa Kizungu amejilaza kwenye mchanga, anataka kuusifia ufuo wetu, 'beach', anaufupisha na ufuo. Kilichomtoka ni lile neno jengine la herufi tano ambalo mwalijua. Kwenye kamusi, maana yake ya kwanza ni mbwa jike, na wafugaji wa mbwa kule Uingereza hulitamka mbele ya watoto bila haya. Mtaani ni tusi kwa mwanamke, na si tusi la jana, limetukania watu tangu zama za kati. Mchuuzi amelitoa huku akitabasamu, na bangili mkononi anauza. Shuka la kitanda, 'sheet', nalo lina jirani yake, huyo anakaa chooni. Wahudumu wa vyumba mwanielewa, sitaendelea.

Dawa si kufupisha. Ufuo na shuka hutaka tabasamu, kisha hutaka muda: vuta, usiwe na haraka, hesabu mbili. Meli hutaka ulegevu. Ukifupisha bila ya kulegeza, au ukalegeza bila ya kufupisha, Mzungu atachagua yeye asikie nini, na atachagua kibaya.

Upande wa a ndio vurugu zaidi, kwa sababu huko a yetu moja inabeba mizigo minne. Kuna 'hat', kofia. Kuna 'hut', kibanda. Kuna 'heart', moyo. Kuna 'hurt', kuumia. Sisi zote twasema 'hati', na hati ni karatasi ya shamba. Mwaka wangu wa pili mapokezini alikuja mwanamume mmoja mnene, jua limempiga mpaka amekuwa rangi ya kamba wa kuchemsha, akaniambia kwa huzuni kitu changu kimebaki ufuoni. Nikasikia moyo. Nikajua ni mambo ya mapenzi, maana ufuo wetu wajua mambo yake. Nikampa pole, nikamwambia moyo hupona, kwa muda. Akaniangalia. Akanyanyua mkono akajigonga kichwani, utosini, mara mbili. Kofia. Alikuwa ameisahau kwenye kibanda cha makuti. Mlinzi akaenda akaileta, nami nikaipokea kwa mikono miwili bila kuinua uso.

'Hut' iko karibu na a yetu, fupi, kavu. 'Heart' ni a yetu ikiwa mbili, kama ya 'taa'. 'Hat' iko kati ya a na e, mdomo wazi, taya limeshuka. 'Hurt' haina jamaa katika Kiswahili chote. Ni sauti ya mtu aliyejipiga nyundo kidoleni na mama mkwe yupo chumbani.

Mtauliza, na nyinyi vijana mwauliza sana, kwa nini basi wasiandike wanavyosema? Hili nalipenda, nivumilieni dakika mbili. Waliandika walivyosema. Ile 'ee' ya 'sheep' na ya 'feet', kiasi cha miaka 650 iliyopita, ilisomwa kule Uingereza kama 'ee' yetu ya 'mzee'. Herufi kwa herufi, kama Mswahili. Kisha kuanzia karibu mwaka 1400 irabu zao ndefu zikaanza kuhama, kila moja ikipanda ngazi na kumsukuma mwenziwe, na uhamisho ule ukaendelea mpaka karibu 1700. Sasa katikati ya safari hiyo, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kupiga chapa Westminster. Tahajia ikaanza kukauka na sauti bado ziko njiani. Herufi zikabaki kituoni, sauti zikapanda gari. Kwa hiyo siku nyengine mtoto wako akisoma 'feet' kama 'mzee', usimpige. Amechelewa tu.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa sababu hawakusoma, walisikia. Chombo kilicholeta barua za Waingereza, 'mail', wakakiita meli, na leo kila chombo kikubwa ni meli hata kikiwa kimebeba saruji. Chombo cha vita, 'man-of-war', kikawa manowari. 'Market' ikawa marikiti, na Marikiti yetu iko pale pale. Walichukua kwa sikio, wakakata kwa kipimo cha kinywa chao, wakavaa. Si kama sisi tuliofundishwa kuyaona maneno kabla ya kuyasikia.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kweli, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, Kibokoni. Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu hata moja. Siku moja nilikuwa na miaka saba, nimetoka shule, namsomea kitabu kwa fahari. Nikafika kwenye neno 'kaa', la mnyama wa pwani, yule wa magando. Nikalisoma. Bibi akainua uso kutoka kwenye ungo.

Akaniuliza, kaa gani hilo?

Nikamwonyesha picha.

Akasema hilo ulilosema ni kaa la moto, la jikoni. Huyu ni k'aa. Kisha akanishika mkono, akanifungua kiganja, akakiweka mbele ya mdomo wake kama anayetaka kunipulizia unga. Kaa. Sikuhisi kitu. K'aa. Pumzi ikanigonga kiganjani, ya moto, na harufu ya tambuu. Akarudia na paa la nyumba, kiganja kikavu. P'aa wa porini, pumzi. Akanirudishia mkono wangu, akaendelea kupepeta.

Hebu fanyeni, hapa hapa. Inueni viganja. Semeni paa la nyumba. Sasa p'aa, mnyama. Waliozaliwa Mji wa Kale wamehisi. Baadhi yenu kutoka bara mwatazamana, hapana neno, mtafika.

Kiswahili sanifu hakiandiki pumzi ile. Mwaka 1928 palifanyika mkutano hapa hapa Mombasa, wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mombasa ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa hii yetu, ndicho kilichobaki nje ya mlango. Tena mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika hapa mwaka 1844, kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882 alikuwa ameiegemeza kwenye Kimvita. Sina kinyongo. Ninacho kidogo. Shuleni nilipomwambia mwenzangu wa bara 'ndoo hapa', yaani njoo, akaniletea ndoo.

Sasa sikilizeni muujiza. Pumzi ile ya bibi yangu ndiyo Kiingereza kinayoitaka. Neno la Kiingereza likianza kwa p, t au k yenye mkazo, Mwingereza huitoa na pumzi. 'Pin' ni ya p'aa. Ukiweka s mbele, 'spin', pumzi inakatika, imekuwa ya paa la nyumba. Yeye mwenyewe hajui kwamba afanya hivyo. Muulize, atakataa, mpaka umuwekee kiganja. Lakini sikio lake lajua, na sikio lake lategemea pumzi kutofautisha. Ukimwambia 'coat', koti, kwa k kavu ya kaa la moto, yeye hasikii k. Anasikia g. Amesikia 'goat'. Umemwambia mgeni usiku wa kusi avae mbuzi. Ukitaka kusema 'pear', lile tunda, kwa p kavu, amesikia 'bear', dubu. Nimeona mhudumu wa bafe akimwonyesha mtoto wa Kizungu dubu aliyekatwakatwa kwenye sahani.

Mwaona? Tuna kondoo bandarini, mbuzi chumbani, dubu mezani, na yote ni kwa sababu twaacha nyumbani chombo ambacho tumerithi. Kijana wa Mvita anayejua k'aa na kaa ana sikio ambalo watu wa lugha nyingi hulipia ada. Tunaambiwa hatuwezi kusikia tofauti ndogo. Nani alisema? Sisi tumezaliwa ndani ya tofauti ndogo. Kitu ambacho hatukufanyiwa ni kuambiwa kwamba kwenye Kiingereza nazo zipo, kwa sababu daftari halikuzionyesha, kama lisivyoonyesha zetu.

Nimalize sauti, niingie kwenye maana, maana neno fupi laweza kutamkwa sawasawa na bado likakuuza.

Alikuwako mama mmoja mhudumu wa vyumba, namheshimu mpaka leo, mtu wa swala tano na mkono safi. Asubuhi moja mgeni Mwingereza amemkuta mlangoni, akamwomba radhi, akasema chumba ni 'tip', akashuka kwenda kula. Mama yule alilisikia neno vizuri kabisa. Alijua maana yake. Sote tulijua maana yake, ndilo neno la kwanza la Kiingereza hotelini: bakshishi. Akaingia. Taulo sakafuni, chupa, mchanga mpaka kitandani, suruali ya kuogelea juu ya taa. Akasafisha. Akatazama juu ya meza, hakuna. Chini ya mto, hakuna. Kwenye kisahani cha sabuni, kwa sababu wengine huweka huko. Akatikisa hata Biblia ya kwenye droo. Akaja kwangu mapokezini, amejikunja kwa haya, akaniambia kaka, mgeni amesema ameacha kitu na mimi sikioni, asije akadhani nimekichukua na kukikana.

Nami sikujua. Nikamuuliza mgeni alipopanda. Akacheka mpaka akashika kaunta. Kwa Waingereza 'tip' pia ni jaa, pale pa kumwaga takataka. Alikuwa anasema chumba ni jalala, samahani. Basi akatoa mkoba, na siku hiyo neno likapata maana zake mbili kwa pamoja.

Neno lile la herufi 3 ni ncha ya kitu, ni ushauri mdogo, ni kuinamisha, ni jaa, ni bakshishi. Na hii ya bakshishi, ambayo leo ndiyo ya heshima, ilianzia pabaya: karne ya 17 'tip' ilikuwa katika lugha ya wezi wa Uingereza, maana yake kumpitishia mwenzako kitu. Mtawasikia watu wakisema ni kifupisho cha maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha mkahawani. Hadithi tamu, si kweli. Nawaambia kwa sababu kuna siku mgeni atawasimulia, mumwache asimulie, ndiyo bakshishi yenyewe hiyo.

Maana ya mtaani haikungoja vijana wa simu. Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha London kamusi nzima ya lugha ya watu wa chini, wezi, mabaharia na askari. Na ile kamusi yao kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884, ilikamilika 1928. Mwaka ule ule wa mkutano wetu. Nafikiria mara nyengine: huku wanafunga kitabu cha mwisho, huku tunafungua cha kwanza. Toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lililipa neno 'set', herufi 3, maelezo marefu kuliko neno lolote, maana zaidi ya 430. Mkitaka kuogopa neno, ogopeni hilo.

Vijana, nyinyi mwanishangaza kwa kitu kimoja. Mwaona ajabu kwamba Mmarekani asema 'sick', mgonjwa, na maana yake ni kitu kizuri mno. Au 'bad'. Au 'wicked', uovu, kwa Mwingereza. Lakini jana tu mmoja wenu kanionyesha pikipiki akasema hii ni noma. Wimbo ni mkali. Mchezaji ni moto. Mtu akikusalimu wajibu 'poa', na 'poa' ni uji uliopoa, ndiyo 'cool' yenyewe, neno kwa neno, na sidhani kama yeyote kati yenu alihitaji kamusi. Hata 'fit' tumeichukua tukaitia irabu: niko fiti. Kamusini 'fit' ni kufaa, au mwenye afya. Kwetu, fiti ni kizuri, tayari. Kwa kijana wa London mtu 'fit' ni mrembo wa kutamanisha. Kwa hiyo mkamuulize dada wa Kiingereza kama yuko fiti kwa matembezi, muulize kwa sentensi kamili, na macho yawe kwenye ramani.

Ninachowaomba ni kuijua lugha hiyo kwa sikio na kuinyima mdomo. Kuna kijana alimaliza kumtembeza Ngome ya Yesu mzee na mkewe, watu wa miaka sabini na kitu, akafungua mikono mbele ya ukuta ule ambao Wareno waliuanza mwaka 1593, akawaambia kwamba ngome hii ni 'sick'. Yule bibi akauliza kwa huruma ina nini, na kama kuna mfuko wa kuchangia matengenezo. Neno la mtaani lina umri na lina mtaa. Lako ni la wenzako. Mwengine nilimsikia akimuapia mgeni kwamba bei ni ya kweli, 'no cap', wanavyosema vijana wa Marekani, yaani si urongo. Ila alilitoa kwa a yetu ya kavu, ikawa 'no cup', na mgeni akamjibu hapana neno, atakunywa kwenye chupa.

Na kuna yale ambayo kamusi mbili hazikubaliani, ya Waingereza na ya Wamarekani, nasi tumesimama katikati na Kiingereza chetu cha shule ambacho ni cha Waingereza. Raba ya kufutia, 'rubber', imetufutia makosa tangu darasa la kwanza. Mtoto akimwomba mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, mwalimu atanyamaza kidogo, kwa sababu kwao ni kondomu. 'Pants' kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni ya ndani. Dobi akipokea simu, aulize kwanza mgeni ametoka nchi gani.

Mwenyekiti anatazama saa. Nina moja tu.

Katika miaka ile alikuwako mgeni, mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, akija kila Januari. Jioni alikaa kwenye kiti cha mwisho wa baa, nami zamu yangu ikiisha nilikaa naye. Tulibadilishana. Yeye alinipa 'ship' na 'sheep', ndiye aliyenifundisha kulegeza midomo, na alinifundisha kwa uvumilivu ambao sikuupata darasani. Mimi nikampa paa na p'aa. Sasa yeye shida yake ilikuwa kinyume na yetu: kila p yake ina pumzi. P'aa wa porini alimpata siku ya kwanza. Paa la nyumba hakulipata. Nilimfundisha kama bibi alivyonifundisha, kiganja mbele ya mdomo. Atajaribu, atajizuia, uso utamwiva, kisha pumzi hiyo, puh, imegonga kiganja. Nikamwambia aseme 'spin', atoe s taratibu. Akaipata mara moja, akafurahi, akaagiza kinywaji, aliporudi imekwenda zake. Miaka sita, saba, wahudumu wote wa baa wakawa wanasaidia. Mpishi akitoka jikoni anauliza, je, leo paa? Leo p'aa.

Mwaka wake wa mwisho kuja alikuwa amechoka, alitembea kwa kushika kuta. Asubuhi ya kuondoka gari linangoja, mizigo imeshapakiwa, yeye akasimama katikati ya ukumbi wa mapokezi, akainua uso akatazama juu kwenye makuti, muda mrefu, mpaka dereva akanitazama mimi. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, polepole, na kiganja chake amekiweka mbele ya mdomo:

Nitakumbuka p'aa lenu.

Wahudumu wakapiga makofi. Dereva akafungua mlango. Nami nilikuwa karibu yake kuliko wote, na kila nikilisikiliza tena kichwani, siwezi kusema kama pumzi ile ilimponyoka kwa kushindwa au aliitia makusudi, kutuchekesha.

Haya, maswali. Anza wewe wa feni.